Mama Mkwe na Muuaji wa Kila Jumatatu

Nyumbani kwetu Tanga kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: mama mkwe akija kutoka Pangani, televisheni ni taarifa ya habari na mawaidha tu. Aliyeivunja ni kijana wetu mkubwa, aliyerudi likizo na flashi mfukoni.

"Hii ya kuchekesha, bibi," akasema huku akiichomeka. "Msichana anauawa siku yake ya kuzaliwa, anaamka, anauawa tena."

"Sasa hapo cha kuchekesha ni kipi?" bibi akauliza. Lakini alikuwa ameshakaa mkekani, kulia kwangu, na tasbihi mkononi.

Filamu yenyewe ni Happy Death Day ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Christopher Landon. Jessica Rothe ndiye Tree, mwanafunzi wa chuo mwenye ulimi mkali, anayemdharau kila anayekutana naye. Usiku anauawa na mtu aliyevaa kinyago cha uso wa mtoto mchanga. Kengele ya chuo inalia, anafumbua macho, na kumbe ni asubuhi ya Jumatatu ileile.

Balaa langu lilianza mapema kuliko lake. Tree anaamkia kitandani kwa kijana asiyemkumbuka, ndani ya bweni la wanafunzi, na kazi yake ya kwanza ni kutafuta nguo zake. Na mimi nimekaa mkeka mmoja na mama mkwe! Nikakohoa. Nikapapasa rimoti. Mama watoto akakumbuka kuwa hajatia chumvi kwenye mchuzi, akatoweka. Mama mkwe akageukia ukutani: "Astaghfirullah."

Tukavumilia hadi kwenye kivuko cha chini, ambako Tree anakuta kisanduku cha muziki kinapiga wimbo wa siku ya kuzaliwa. Mwenye kinyago akatokea. Hapohapo mtaa wetu mzima ukaingia gizani.

Umeme uliporudi, televisheni haikukumbuka tulipoishia. Ikaanza mwanzo. Kitufe cha kusogeza mbele nacho kilishakufa, kimeuawa na kitinda mimba wetu ambaye hana subira na nyimbo za katuni. Basi tukarudi kitandani kwa kijana wa watu. Nikakohoa upya. Chumvi ikakumbukwa upya.

Jioni hiyo umeme ulikuwa na mchezo nasi. Kila tukikaribia kisu, giza. Kila taa zikiwaka, kitandani. Tree alinaswa katika Jumatatu, mimi nikanaswa katika dakika za mwanzo, na mama mkwe yuko palepale kulia kwangu.

Lakini marudio yana kazi yake. Katika mrudio mmojawapo mama mkwe aliacha ukuta akageukia kioo. "Hebu mwangalieni huyu kijana," akasema. "Anampa dawa ya kichwa. Anamsemesha vizuri. Huyu hana nia mbaya." Alikuwa sahihi. Huyo ni Carter, na baadaye tunaambiwa kwamba usiku ule Tree alikuwa amelewa, Carter akamwachia kitanda na yeye akalala kwenye cha mwenzake. Tangu hapo sikukohoa tena. Kijana wetu, aliyekuwa akitutafsiria kwa mbwembwe kama Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, akajikuta anasahihishwa na bibi asiyejua Kiingereza.

Swali lake lililofuata lilikuwa la uchumi. "Siku ileile, nguo zilezile, watu walewale. Hawa walikuwa na hela kweli?" Mjukuu akamweleza kwamba filamu iligharimu dola milioni 4.8 na kuingiza zaidi ya milioni 120. Bibi akatikisa kichwa kwa heshima. "Ni kama mama anayepika chungu kimoja cha kunde, watu wakala siku tatu wakisifu."

Safari moja taa zilipozimika, shemeji yangu alikuwa jikoni. Alikuwa amejipaka liwa uso mzima, akikatakata kachumbari. Kusikia kimya akadhani tumekwenda kulala, akaja sebuleni kuuliza, kisu mkononi, simu ikimmulika kwa chini. Tulichokiona mlangoni ni uso mweupe usio na nyusi, na kisu. Kitinda mimba akapiga ukunga. Mimi nikasimama nyuma ya mama mkwe, kwa heshima. Yeye hakusubiri: akaokota kandambili, ikaruka, ikampata muuaji wa paji la uso.

"Mama! Ni mimi!"

"Kama ni wewe, mbona una uso wa yule?"

Wakati tunaokota nyanya kwa mwanga wa simu, wali nao ukaungua hadi ukabaki ukoko.

Tulifika mwisho usiku mkubwa. Tree alishawashuku wengi na kufa vifo vya kila namna, na safari moja alijiua makusudi ili siku ianze upya na Carter afufuke. Mama mkwe hakushughulika na orodha ya washukiwa. Jicho lake lilikuwa kwenye keki ndogo ambayo Lori, anayeishi chumba kimoja na Tree, humpa kila asubuhi, naye Tree huitupa. "Mbona anasisitiza ale? Hiyo keki ina neno." Ilikuwa na sumu. Chanzo ni wivu wa Lori juu ya mwalimu wao, mwanamume mwenye mke, ambaye Tree alikuwa na uhusiano naye. Waliosema mume wa mtu sumu hawakukosea. Hapa sumu yenyewe ilitiwa kwenye keki.

Mjukuu akasema kwamba hata Bill Murray alinaswa hivyohivyo katika Groundhog Day ya mwaka 1993. Landon mwenyewe hafichi: mwishoni Carter anamtajia Tree filamu hiyo, na Tree hajawahi kuisikia. Tofauti ni kisu. Katika filamu nyingine za namna hii, msichana akifa basi, tunahesabu anayefuata. Hapa anayekufa ni yuleyule, na kila akiamka ana adabu kidogo zaidi ya jana. Ndiyo maana mtu unaweza kucheka mauaji bila kuona aibu, na ndiyo maana bibi aliyeanza kwa kugeukia ukuta alimaliza kwa kumwombea Tree dua.

Sehemu ya pili, Happy Death Day 2U ya mwaka 2019, inaeleza kilichomnasa: mtambo wa wanafunzi wa sayansi, uleule unaokata umeme pale chuoni. Kabla hujaikaribisha kwako, epua sufuria, tengeneza rimoti, na umwambie mwenye liwa anawe uso kwanza.