Mzoga Uliorudi na Maji Kujaa

Alfajiri moja, maji yakipwa katika delta ya Rufiji, mzoga wa nguruwe ulipita ukielea mbele ya mikoko ya Mbwera. Tumbo lilikuwa limefura, masikio yamegeuka rangi ya zambarau, na mguu wa nyuma ulikuwa bado na kipande cha kamba. Kamba ile ilitosha. Huyu hakuwa mnyama wa porini. Alikuwa na banda, na banda lilikuwa na mwenyewe.

Kaa walitoka mashimoni wakaushukuru. "Riziki haiulizwi ilikotoka," walisema. Kima, juu ya mkandaa, aliutazama akageuza uso. "Nguruwe si ndugu zetu. Wakiisha, mpunga utapona." Mamba aliuona kabla ya wote, akazama. Alijua kwamba akiupeleka barazani ataambiwa ameua yeye. Mzoga uliponasa kwenye mizizi, Nguruwe Pori alishuka akala paja, akajifuta mdomo kwenye matope. Hakuugua.

Jioni maji yakajaa, na mzoga ukarudi. Ulipita palepale, mbele ya macho yaleyale. Sasa hapakuwa na wa kusema hakuuona.

Ni Kitwitwi aliyeondoka. Ndege huyu mdogo hula kwenye matope ya Rufiji msimu mmoja na kuruka kaskazini msimu mwingine. Alimkuta Mzee Kobe chini ya mkorosho, nchi kavu upande wa Kibiti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unahema?"

"Nimeuona ule ugonjwa. Mwaka 2007 niliusikia Georgia, kwenye Bahari Nyeusi. Mwaka 2018 ukaingia China, nguruwe wakaisha kwa mamilioni. Huko kote wanauita homa ya nguruwe ya Afrika."

Kobe alifumba macho. "Jina hilo lina asili yake. Nilikuwa bado kijana wakati daktari wa mifugo Montgomery alipoueleza ugonjwa huu kutoka Kenya, mwaka 1921. Walowezi walileta nguruwe wa Ulaya wakawafuga jirani na ngiri. Wale wakafa, ngiri akabaki mzima. Waite watu barazani."

Baraza lilipojaa, macho yote yalimwangukia Ngiri, mgeni aliyeteremka kutoka Hifadhi ya Nyerere, zamani Selous, na mafuriko ya mwaka 2024. Wengine walishaokota magongo. Ngiri hakukimbia.

"Sitakana," alisema. "Kwenye nyufa za shimo langu anaishi papasi. Hutoka usiku, hunyonya damu ya watoto wangu kwa muda mfupi, hurudi ufani. Anaweza kukaa na kirusi cha homa hiyo kwa miaka. Sisi hatuugui, lakini tunakibeba, na Nguruwe Pori pia anaweza kukibeba. Nguruwe wa banda akilala karibu na shimo langu, ataumwa na papasi huyohuyo. Hilo ni langu. Ila kamba ile mguuni sikuifunga mimi."

Hapo akasimama Nguruwe Jike, aliyetoroka bandani.

"Tulikuwa kumi na wanne. Tulipewa makombo ya hotelini, hayakuchemshwa, na ndani yake mlikuwa na nyama. Baada ya siku chache mmoja wetu akakataa pumba. Mwili ulikuwa wa moto. Kesho yake wanne walilala wamerundikana pembeni, kisha wakaanza kutapika na kuhara damu. Wakafa saba. Bwana alikaa mlangoni ameshika kichwa. Usiku wakaja watu na lori, wakawapakia sita waliokuwa bado wanasimama, wakaelekea barabara ya Dar es Salaam. Wawili kati yao walikuwa wanatetemeka. Waliokufa wakaburutwa mtoni."

Simtetei yule bwana, ila namwelewa. Kwake nguruwe wale walikuwa ada ya shule na bati la nyumba. Ugonjwa huu hauna tiba. Akitoa taarifa, karantini itafunga biashara yake siku hiyo. Akinyamaza, anaokoa pesa ya nguruwe sita. Sita hao watashuka kwenye mabanda ya wengine, na nyama yao mbichi itabeba kirusi mbali kuliko lori. Tunaotaka mfugaji aseme mapema tuna wajibu wa kumpokea kama mtu aliyepata msiba. Akipokewa kama mhalifu, mara ya pili hatasema, na jirani yake aliyekuwa anatazama hatasema hata mara ya kwanza.

Mzee Kobe aliamuru magongo yatupwe. Kumuua Ngiri kusingemtoa papasi ufani. Akagawa zamu: Mamba majini, Kitwitwi kwenye matope, Kima juu ya miti, Ngiri kwenye mashimo. Kila mzoga wa nguruwe utajwe siku hiyohiyo, na mahali ulipoonekana.

Kima akanung'unika. "Babu, hata kama si ndugu zetu?"

"Mjukuu wangu, hukuulizwa kama ni ndugu yako. Umeulizwa kama umeuona."

Msomaji wangu wa Kibiti, Ikwiriri, Mkuranga na Mbagala, homa hii haimpati binadamu, na pengine nguruwe haingii nyumbani kwako kabisa. Hata hivyo wewe ndiye unayepita njiani, unayelala kwenye dungu la mpunga, unayevuka mto kwa mtumbwi. Maabara ya mifugo kule Temeke haiwezi kupima damu ambayo haijaletwa. Ukimkuta nguruwe amekufa, wa banda au wa porini, usimchune, usimsukumie mtoni. Mpigie afisa mifugo wa kata yako kabla maji hayajapwa.