Mtu Mzima Kifudifudi

Mwendesha baiskeli husifiwa miguu. Nikikatiza Kwa Mrombo na kaptura yangu, vijana wa bodaboda huacha kubishana habari za mpira na mmoja hupaza sauti, "Mzee ana vigimbi huyo!" Sijawahi kusikia anayesifia mgongo.

Jiji la Arusha limekaa kwenye mteremko wa Mlima Meru, na sisi wa Kwa Mrombo tuko huku chini, kusini. Kwa hiyo kwenda mjini kazini ni kupanda, kurudi ni kuteremka. Asubuhi unapanda na chai ya rangi na nusu chapati tumboni, jioni unateremka kuufuata moshi wa nyama choma ambayo mtaa wetu unasifika kwayo. Mpangilio huu umenijengea vigimbi na kitambi kwa kasi ileile.

Kilicholalamika ni kiuno. Kila nikikaribia soko la Kilombero mgongo wa chini ulikuwa unawaka moto. Nikampelekea fundi baiskeli anipandishie siti. Akazungusha pedali, akabana breki, akatikisa usukani, kisha akanitazama mimi kuanzia kifuani mpaka mapajani, taratibu, kama anatafuta pancha.

"Baiskeli iko poa, mzee. Shida iko juu ya siti."

Fundi yule hajasomea udaktari, lakini alipatia. Mguu unaposukuma pedali unahitaji kitu imara cha kujitegemezea, na kitu hicho ni kiwiliwili: misuli ya tumbo na ya mbavuni, ile midogo inayoshikilia pingili za uti wa mgongo, na ya makalio. Ikilegea, nyonga zinayumba huku na huku juu ya siti, nguvu inapotelea njiani, na mgongo wa chini unabebeshwa kazi isiyo yake. Baya zaidi ni kwamba baiskeli yenyewe haiijengi sana misuli hiyo ya tumbo na mgongo, maana umeketi na mikono imeegemea usukani. Unaweza kuendesha miaka na miaka, tumbo likabaki kuwa abiria.

Septemba 2025 niliwatazama wenye matumbo yanayofanya kazi, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, na vilima vyake ukivijumlisha ni kupanda mita 5,475. Meru yetu, tangu usawa wa bahari hadi kileleni, ni mita 4,562. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30. Tadej Pogačar wa Slovenia alichomoka zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akashinda. Mimi nilimkodolea mgongo. Miguu inasaga mlima, mgongo umetulia tuli, ungemwekea sahani ya mbuzi na kachumbari isimwagike hata pilipili.

Ndiyo nikaamua kufanya planki. Haihitaji vifaa: viwiko chini, vidole vya miguu chini, tumbo limekazwa, makalio yasipande wala yasishuke. Inahitaji mahali tu. Chumbani kwetu makochi yameshajitwalia sakafu yote, kukabaki uani, na uani kwetu ni pa wapangaji wote. Mtu mzima akilala kifudifudi pale, hilo si jambo lake peke yake tena.

Wa kwanza kufika alikuwa yeyo, yule mama wa chumba cha mkabala, katoka bombani na ndoo kichwani.

"Baba Neema, umedondosha nini?"

"Sijadondosha kitu, yeyo. Nafanya mazoezi."

"Ya kutafuta nini?"

Akatua ndoo, akainama kunisaidia kutafuta. Watoto wakaja kuona kinachotafutwa, na mdogo wao akagundua kuwa mgongo wangu una urefu unaomfaa kukalia. Wapo wakufunzi wanaowaongezea wanafunzi wao uzito mgongoni, lakini uzito huo haupigi mateke wala kuimba "twende, punda, twende".

Kuna zoezi jingine la kulala chali, mikono na miguu juu, unashusha mkono wa kulia na mguu wa kushoto polepole huku kiuno kimegandamia sakafu, kisha unabadilisha. Linafundisha tumbo kutulia wakati miguu inapokezana, yaani kazi yenyewe ya baiskeli. Kwa mtu anayechungulia kutoka getini, hata hivyo, linaonekana vingine. Mama mwenye nyumba alipiga ukelele, "Mama Neema, wahi, mwenzio kazidiwa!" na kabla sijapata pumzi ya kueleza, ndoo ya yeyo ikanimwagikia yote.

Nikatafuta faraja kwenye rekodi. Machi 2024 DonnaJean Wilde, mama wa Kanada mwenye miaka 58, alikaa kwenye planki saa 4, dakika 30 na sekunde 11. Naamini kwao hakuna yeyo wala ndoo yake. Bahati nzuri mwendesha baiskeli halazimiki kufika huko: muda mfupi na mwili umenyooka unafaa kuliko muda mrefu na kiuno kimebonyea.

Sasa, yupo kijana anayetuletea maziwa kwa baiskeli kutoka upande wa Terrat, madumu mawili kwenye keria. Dumu lililojaa lina nafuu. Likishauzwa nusu, maziwa yanaanza kusukasuka na kila shimo linaivuta baiskeli upande wake, na kinachoinyoosha si mikono, ni kiuno. Asubuhi moja alinikuta chini natetemeka, yeyo akiwa ameketi kando kama mwamuzi.

"Hii ndiyo mazoezi?" akauliza. Akaegemeza baiskeli ukutani, akashuka chini ubavuni mwangu na gamboti zake miguuni. Mgongo ubao mtupu. Akaanza kupiga stori: mvua zimechelewa, pumba zimepanda bei, ng'ombe wake mmoja ana mimba. Sauti haitikisiki.

"Halafu, Baba Neema, yale maziwa ya mwezi uliopita?"

Nilikuwa nimebana pumzi. Neno moja lingenidondosha.

"Jibu tu taratibu," akasema. "Mimi sina haraka."