Sifa za Faili Lisiloonekana

Printa isiyokwama ina wapenzi wake, na chai ya saa nne inao wengi zaidi. Faili la hifadhidata lililowekwa kwa ajili ya ofisi nzima, halafu likaonekana kwenye kompyuta moja tu, halijapata hata mtu mmoja wa kulisifu. Dhuluma hiyo yafaa irekebishwe, na pa kuirekebishia ni Obunga.

Mtaa huu wa Kisumu unajua thamani ya vitu vilivyokataliwa. Viwanda vya samaki huchuna minofu ya mbuta na kuisafirisha ng'ambo. Mifupa inayobaki, mgongo wazi, huletwa hapa, akina mama wakaikaanga na kuiuza. Watu waliojenga riziki juu ya samaki asiye na mnofu hawawezi kulidharau jina la faili ambalo ndani yake hamna faili.

Chukua ofisi ya chama cha akiba mtaani humo: kompyuta tatu, orodha ya wanachama katika Microsoft Access, ruta moja juu ya mlango. Stima inapotea adhuhuri. Ikirudi, ruta inagawa anwani upya. Kompyuta ya karani, yenye faili, ilikuwa 192.168.1.5, sasa ni 192.168.1.9. Njia ya mkato ya mweka hazina bado inabisha hodi pale penye 5, ambapo pengine sasa pana simu ya mgeni anayesubiri mkopo.

Hapo fadhila za faili zinaanza kumiminika. Watu ambao tangu asubuhi wamesemezana kwa kibodi wanainuka. “Madam, kwako inaonekana?” “Kwangu iko, labda ni mashine yako.” Flashi inatolewa mkobani, inatembezwa meza hadi meza, na kufikia jioni kuna “wanachama mpya”, “wanachama mpya kabisa” na “wanachama hii ndiyo”, kila nakala ikiwa na salio lake. Ni programu gani nyingine inayomtajirisha mwanachama mmoja mara tatu kwa siku?

Tena faili lenyewe ni tiifu kwa serikali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika. Faili hili limeizidi sheria: linazilinda hata dhidi ya wanaohusika.

Wanaoliita jeuri hawaijui historia yake. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150, vikipenya kwenye udhaifu wa SMB1, lugha kongwe ambayo kompyuta za Windows zilitumia kupeana mafaili. Kufikia Oktoba mwaka huo, baadhi ya matoleo ya Windows 10 yaliyosakinishwa upya yalikuja bila lugha hiyo, na pamoja nayo ikaondoka huduma ya zamani iliyoorodhesha majirani mtandaoni. Ndiyo maana dirisha la mtandao linaweza kuwa tupu ilhali jirani yu hai na folda yake iko wazi. Andika mikwaju miwili ya nyuma, jina la mashine, mkwaju mmoja, jina la folda, na mlango unafunguka. Aliyezoea kubofya picha tu ataita uchawi.

Anafika fundi kutoka mtaa wa Kondele, anairekebisha ile njia ya mkato. Anakuta pia kwamba ruta ilibadilishwa majuzi, Windows ikauona mtandao kuwa wa umma, kama wa hoteli, ikaificha kompyuta isionekane na wengine. Anaurudisha uwe wa faragha. Kisha anakumbana na malango mawili ya ruhusa, la folda inayoshirikiwa na la diski yenyewe, ambapo lililo kali zaidi ndilo linaloshinda. Ofisi ilifungua la kwanza na kulisahau la pili. Fundi analifungua, lakini kwa tahadhari anawapa wale wengine wawili ruhusa ya kusoma tu.

Faili, kwa hekima yake, halikubali nusu fadhila. Access huweka kando ya hifadhidata kijifaili cha kufuli chenye kiishio laccdb, na kila anayeshiriki lazima aruhusiwe kuandika na kuunda faili ndani ya folda, hata kama hatagusa rekodi yoyote. Isitoshe, karani alikwisha kulifungua kwa matumizi yake peke yake. Sasa linaonekana kwenye meza zote tatu, na kwenye mbili linakataa kufunguka.