Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa wa Fomu I-539

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Huduma za Uraia na Uhamiaji,
Marekani.

KUH: OMBI LA KUHESABIWA WAGENI

Mheshimiwa,

Tumeketi barazani hapa Msambweni baada ya swala ya alasiri, dele la kahawa liko katikati, na sote tumekubaliana kwamba pongezi zako zimechelewa. Nchi nyingi zinajua kumfukuza mtu. Ninyi peke yenu mmebuni namna ya kumtaka mtu athibitishe kwamba ataondoka, kisha mkamtaka asiondoke mpaka mmalize kuusoma huo uthibitisho.

Wazee wengine hapa hawakusadiki, ikabidi tuwaeleze taratibu. Tuseme binti wa Gazi, kijiji jirani, amepata chuo kwenu. Amesoma miaka minne kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, karo imelipwa, shahada kaipata. Masomo yakisha anahesabiwa siku 60 za kufunga mizigo. Lakini dada yake, aliyeolewa hukohuko, yu karibu kujifungua, na kwetu mzazi haachwi peke yake kabla ya arobaini kupita. Binti hataki kazi wala darasa jingine. Anataka kukaa na dadake, apike uji, abebe mtoto, kisha arudi Gazi. Yaani anaomba kuwa mgeni.

Hapo ndipo anapokutana na Fomu I-539, ya kuomba kubadili hadhi yake ya ukaaji. Akiijaza mtandaoni ni dola 420, akiituma kwa karatasi ni dola 470. Aiwasilishe kabla ya zile siku 60 kwisha, aeleze kwa nini anataka kuitembelea nchi aliyokwisha kuishi miaka minne, aonyeshe pesa za kujikimu, ataje na tarehe atakayoondoka. Halafu asubiri, na kusubiri kwenyewe huenda kukawa kwa miezi. Mtoto atazaliwa, atafika arobaini, atanyolewa, ataanza kukaa kitako, na jibu halijafika. Ile tarehe ya kuondoka aliyoiandika mwenyewe yaweza kumpita akiwa bado hajui kama alikubaliwa kuwepo.

Naye akichoka akapanda ndege kurudi kwao kabla ya jibu, mnahesabu kwamba ameliacha ombi lake. Mzee mmoja aliomba tulirudie jambo hili mara mbili. Aliyewaletea ushahidi usio na shaka kwamba anarudi kwao, kwa kurudi kwao, ndiye mnayemwandika kwamba ombi lake amelitupa. Dola 420 zinabaki kwenu. Hizo hazina haja ya viza.

Akikubaliwa, furaha yake nayo ina mpaka. Kibandiko kilichomo katika pasipoti kinabaki kilekile cha mwanafunzi. Huo ugeni aliopewa unakaa kwenye karatasi zenu za ndani na unaishia uwanja wa ndege. Siku akitaka kuja kumwona mpwa wake, ataanza upya: matatu hadi Likoni, feri, treni kutoka Miritini hadi Nairobi, kisha Gigiri kwenye dirisha la ubalozi, na dola 185 zisizorudi hata akinyimwa. Hapo dirishani anangojwa na kifungu cha 214(b) cha sheria yenu ya 1952, kinachomchukulia kila mwombaji kuwa anakuja kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo. Nanyi hamkuridhika. Julai 2025 mkatunga sheria ya ada nyingine ya dola 250, inayoweza kurudishwa kwa atakayeonyesha kwamba alifuata masharti. Hapa Msambweni rehani ya namna hiyo tunamwekea mwenye sufuria za kukodi.

Sisi wenyewe tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mmeanza na jembe. Binti alipokuwa mwanafunzi mlimruhusu kufanya kazi chuoni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, akaosha sahani na kupanga vitabu. Sasa kazi imekwisha, anaomba zile siku mbili za mwanzo, na mnamwambia athibitishe kwanza kwamba ana kwao.

Hilo la kwao ndilo limetukalisha barazani hadi magharibi. Mnapenda kuona nyaraka: hati ya shamba, barua ya mwajiri, taarifa ya benki. Mheshimiwa, hii ni Kwale. Kuna familia zimezikana katika ardhi moja vizazi kwa vizazi na hati hawajaiona. Anayetaka kujua shamba ni la nani hutazama minazi na kuuliza nani aliipanda. Tumefikiria kumwambatishia binti minazi ya babu yake katika fomu, lakini mtandao wenu haukubali faili kubwa kiasi hicho. Tukawaza pia kumtaja babu mwenyewe, aliyezikwa jirani na Kaya Kinondo, msitu ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kijana mmoja akatuonya kwamba marehemu hawezi kutia sahihi.

Usitudhanie kuwa tumejisahau. Hapa Makongeni wako Wamakonde, ambao wazee wao walianza kuja kutoka Msumbiji miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge. Walizaa, wakapata wajukuu, wakachonga vinyago vinavyouzwa kwa watalii, na vitambulisho hawakuwa navyo. Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale hadi Ikulu ya Nairobi kudai wahesabiwe kuwa watu wa hapa, na vitambulisho vikaanza kutolewa 2017. Wapemba wa pwani hii walitambuliwa 2023. Kwa hiyo mkitaka kusomea ucheleweshaji, sisi ndio chuo kikuu.

Ila kwa mgeni wa kutoka mbali hatuna kinyongo. Tangu Januari 2024 Kenya imeondoa viza. Mtu wenu anajaza fomu mtandaoni, analipa dola 30, anatua Ukunda, jioni yuko Diani kaptula imemfika magotini. Anapewa hadi miezi mitatu, akiomba anaongezewa mpaka sita. Kuna wageni pale Diani ambao hakuna anayekumbuka walikuja msimu gani. Wana mikahawa, wana mbwa, wana maoni mazito kuhusu tunavyoegesha tuktuk. Hatujawahi kumdai hata mmoja wao picha za minazi ya babu yake.

Basi tunamwalika Mkurugenzi mwenyewe aje kukagua ushahidi wa binti papo kwa papo. Akitua Ukunda, Msambweni ni mwendo wa matatu. Atalala kwetu bure, siku mbili atakula wali wa nazi na samaki wa kupaka, ya tatu atapewa jembe. Akinogewa akataka kubaki asome, ombi la namna hiyo huwasilishwa Idara ya Uhamiaji, Nairobi, nasi tutamsindikiza mpaka Likoni. Aje tu na nakala mbili za kila kitu, na barua ya baba yake inayoeleza ni kwa nini tusadiki kwamba atarudi Marekani.

Wako watiifu,
Wazee wa Baraza,
Msambweni, Kwale.