Gari Lisilo na Miguu

Mama mkwe alishuka garini kwenye tuta la tatu. Akajifunga kanga kiunoni, akazunguka hadi mbele ya Altezza yangu, akainama kuchungulia kama anayetafuta yai uvunguni. Kisha akaniuliza, mbele ya vijana sita wa bodaboda: "Baba Neema, hili gari miguu yake iko wapi?"

Ilikuwa Jumamosi iliyopita, Goba. Nilikuwa nimempokea Stendi ya Magufuli akitokea Singida na madumu mawili ya mafuta ya alizeti, kila moja lita 20, pamoja na kuku wanne. Tuta lenyewe wamelijenga wakazi: zege tupu, halina rangi wala kibao, limechongoka kama paa la banda. Tairi za mbele zilivuka. Za nyuma hazikufika. Tumbo la gari likakaa juu ya zege, na kila nikikanyaga mafuta, nyuma kunatoka vumbi tu. Bajaji yenye godoro na abiria wawili ikatupita, dereva wake akapiga honi ya pole.

Madumu yakashushwa. Kuku wakashushwa. Vijana wakashika bampa. Mama mkwe alisimama kando, kuku wawili kila mkono, akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniua: "Kwetu, baba, ng'ombe wa hivi anarudishwa mnadani."

Chanzo ni koilova, mtumba wa Japani, laki nane. Na jamani, vitu vyenyewe ni vitamu. Watu hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Haibebi. Inayobeba ni springi, na springi ina uaminifu wa kuchosha: mshtuko wowote utakaoipa itakurudishia, tena na tena, ndiyo maana gari lenye shokapu zilizokufa huyumba kama ngalawa. Kazi ya shokapu ni kuula mshtuko huo. Ndani yake pistoni inapita kwenye mafuta, na mafuta hayana njia ila vitundu vyembamba. Sukuma bomba la sindano polepole, linakwenda; lisukume kwa pupa, linakugomea. Shokapu nayo haijali umesogea kiasi gani, inajali umesogea kwa kasi gani. Mtikisiko wote unageuka joto. Ukitoka kwenye barabara mbovu iguse, utaikuta vuguvugu. Mimi hushuka kuigusa. Mke wangu ameshaacha kuuliza.

Koilova inaviweka viwili hivyo pamoja, kisha inakuongezea vishawishi: pete yenye uzi kama nati, ya kupandisha na kushusha gari, na kidude cha juu kinacholia tik, tik, mara 32, cha kukaza na kulegeza shokapu. Kidude hakiinui gari hata kwa unene wa unywele. Nalijua hilo vizuri. Bado pale kwenye tuta nilifungua boneti nikakizungusha tik zote 32, mama mkwe akihesabu kwa sauti.

Pete nilikuwa nimeishusha mpaka mwisho, kwa kuwa fundi aliniambia, "Bosi, hapo ndiyo gari." Toyota walipoitoa Altezza mwaka 1998 waliipa kila gurudumu mikono miwili, wa juu na wa chini, ili tairi likanyage sawasawa kwenye kona. Ukiishusha kupita kiasi mikono inakwenda upande, tairi zinalala kwa ndani na kulika kama kisigino cha kiatu cha mlevi. Springi zangu ni ngumu, kwa hiyo mafuta, kuku na mama mkwe kwa pamoja vililishusha gari sentimita moja na kitu. Mimi nilikuwa nimebakiza sentimita moja.

Lakini kuna jambo silicheki. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya magari ilifutwa, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita. Nikalipa bila kinyongo. Altezza inakunywa, kwa hiyo mimi nalipa kuliko jirani. Barabara yetu haijawahi kuonja lami. Matuta tumejichangia wenyewe baada ya mtoto kugongwa, na mimi nilitoa mfuko mmoja wa saruji. Nimekwama juu ya saruji yangu.

Jumapili nilijaribu kupandisha pete. Matope na kutu vimeishika, spana ikavunjika. Jumatatu fundi alisema ingefaa tubadilishe zote. Jumanne sikupokea simu yake.

Mama anaondoka Alhamisi. Ameshachukua namba ya yule dereva wa bajaji.