Mwenye Goti Haambiwi Pumzika

Mbio za marathoni za Boston hufanyika Jumatatu ya tatu ya Aprili. Maana yake mazoezi huangukia Januari, mwezi ambao hata mbwa wa huko hatoki nje bila koti. Hapo ndipo utamkuta karani wa benki, saa kumi na moja alfajiri, kope zimeganda, skrubu amezipigilia mwenyewe kwenye soli za viatu vya bei mbaya ili barafu isimwangushe.

Mjulie hali uone. Ataanzia unyayoni: kisigino kinamchoma akishuka kitandani, muundi unavuta, goti linalia kama mlango wa stoo. Daktari kamwambia apumzike wiki mbili. Yeye kasikia siku mbili, na moja kati ya hizo kaenda kuogelea.

Wa kuhurumiwa ni Mkenya aliyehamia huko kusomea uhasibu. Tangu Ibrahim Hussein ashinde Boston mwaka 1988, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, majirani wanaamini kila Mkenya kazaliwa na pafu la akiba. Maskini, kakulia Mombasa, dukani tu alikuwa anapanda tuktuk! Lakini taifa ni taifa, akialikwa, anatoka. Kilima cha Heartbreak, kinachowamaliza wengine karibu na kilomita ya 33, hajawahi kukiona. Yeye huishia taa za kwanza za barabarani.

Siku hizi kapata dawa: anachechemea na kutaja kano. Wanamheshimu kuliko alipokuwa akikimbia.