Forth na FORGET Yake

Nina ugomvi na Forth, lugha ya programu ambayo amri zake huitwa maneno na huhifadhiwa kwenye kamusi. Ukiiambia FORGET BEI, haifuti BEI peke yake. Inafuta BEI na kila neno lililoandikwa baada yake: DENI, MTEJA, FAIDA, hata yale ambayo hayajawahi kuitumia BEI. Kosa lao ni kuchelewa kuzaliwa.

Charles Moore, aliyeibuni lugha hii na kuitumia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuendesha darubini ya redio ya Kitt Peak, Arizona, alikuwa na kumbukumbu finyu. Kamusi ikapangwa kwa mstari mmoja: HERE inaonyesha mahali pa wazi, ALLOT inasogea mbele kutenga nafasi, na kufuta ni kurudisha HERE nyuma. Ni rahisi, ni haraka, na haina huruma.

Nikajifanya mjanja, nikaandika VOCABULARY DUKA na VOCABULARY NYUMBA, misamiati miwili, ili BEI ya huku isigombane na BEI ya kule. Majina yalitengana kweli, lakini kumbukumbu ni ile ile! Futa neno la DUKA, na maneno ya NYUMBA yaliyolifuata kwaheri. Tena Forth inaweza kutafuta maneno kwenye msamiati mmoja na kuandika mapya kwenye mwingine. Usipotaja DEFINITIONS, neno linaloamua mapya yaandikwe wapi, bidhaa za duka zinalala chumbani.

Kinachonichosha zaidi ni neno kuandikwa upya. Ninaandika KODI mpya, nafurahi, kumbe maneno ya zamani yanaendelea na KODI ya kwanza, kwa sababu yalishika anwani yake siku yalipoandikwa. Hapa Likasi, Kongo, tunalijua jambo hilo. Mji uliacha kuitwa Jadotville mwaka 1966, lakini muulize mzee wa mtaani kwetu Kikula anakaa wapi.

"Jadotville."

"Papa, jina lilibadilishwa."

"Lilibadilishwa kwa ajili yenu mliokuja nyuma."

Utamjibu nini?

Wakubwa wa Forth wenyewe, katika kanuni za 1994, waliitangaza FORGET kuwa ya kustaafu na kutuletea MARKER. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuanza kazi andika MARKER KABLA. Mambo yakiharibika, taja KABLA, na kamusi itarudi ilivyokuwa, pamoja na mpangilio wa misamiati. Na faili uihifadhi kwenye diski mapema, maana umeme wa hapa ukikatika hauulizi uliweka MARKER wapi.